Kipimo cha Pili cha Sixten Burström

Kama kuna mtu aliyechoshwa na ngazi duniani, ni Solveig Rönnmark. Kliniki ya kumbukumbu ya hospitali ya Storselet iko ghorofa ya tatu, maabara ya kemia ya ubongo iko chini kabisa ambako hata dirisha hakuna, na yeye ameajiriwa kote kuwili, nusu huku nusu kule. Lifti ipo, lakini lifti ile imefanyiwa mikutano mingi kuliko matengenezo. Basi ni kupanda na kushuka, asubuhi daktari wa wagonjwa, mchana mtafiti wa protini, na kila anakofika wanamhesabu kuwa mtu wa kule alikotoka.

"Haya, mama sindano kaja," husema Yngve, mkuu wa maabara, akimwona mlangoni. "Leo umetuletea maji ya nani?"

Na huko juu Staffan, mkuu wa kliniki, humtambulisha kwa wagonjwa hivi: "Huyu ni mkemia wetu. Msimwogope, hang'ati."

Kule hakuna cha profesa wala mheshimiwa, kila mtu ni jina lake tupu, bosi na mfagizi. Ungedhani watu wanaoitana hivyo wangesikilizana. Wapi!

Alikuwa na miaka hamsini na sita. Alisomea udaktari kwanza, akatibu miaka mingi, mpaka akachoka kuwaambia watu "tusubiri tuone". Ubongo hauchunguliki kama koo. Akarudi chuoni mtu mzima, mama wa watoto wawili, akasomea kemia, kwa sababu alitaka kujua kama maji yale yanayouzunguka ubongo na kuteremka mpaka mgongoni yana neno lolote la kusema kabla mtu hajaharibika kabisa. Utafiti wake ulikuwa huo: kumtazama mtu juu, kuyatazama maji yake chini, kisha kuona kama hadithi hizo mbili zinakubaliana. Kazi nzuri, ukiisikia. Ukiifanya, ni kuzungushwa tu.

Mwezi wa tatu, theluji bado iko magotini, aliletwa Sixten Burström, dereva wa lori la magogo kutoka kijiji cha Gäddträsk. Nasema aliletwa, maana mwenyewe asingekuja ng'o. Mkewe, Majlis, ndiye aliyeongea.

"Anasahau, Solveig. Ananiuliza kitu asubuhi, mchana ananiuliza kile kile. Na hasira! Umguse kidogo tu, moto umewaka. Akirudi kazini haongei, anakaa pale mezani kama nimemkosea mimi. Harusi ya binti yetu hakwenda. Petra, mtoto wetu wa pekee! Eti ana magogo ya kupeleka."

"Ni kweli, Sixten?" Solveig akauliza.

Sixten akavuta pumzi kwa mdomo, fupi, kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Hiyo ndiyo "ndiyo" ya watu wa kaskazini. Neno lenyewe wanaliona mzigo, wanavuta pumzi tu, na mtu anajua ameshajibiwa. Solveig mwenyewe kazaliwa huko, alimwelewa.

Akamchoma sindano mgongoni, maji yakatolewa, yakapelekwa chini. Majibu yalirudi mabaya. Kuna protini, amiloidi inaitwa, ambayo kwa mtu mzima wa afya huelea kwenye maji hayo bila matata. Alzeima, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ikiingia, protini ile hunasa kwenye ubongo, na majini inabaki kidogo. Ya Sixten ilikuwa kidogo sana. Ukijumlisha na kusahau, na hasira, na ule ukimya, Solveig hakuona mlango mwingine. Akawaita, akafunga mlango, akawaambia.

Sixten alitazama viatu vyake. Majlis alilia. Lakini alipomaliza kulia alifanya jambo ambalo Solveig alilikumbuka baadaye: aliushika mkono wa mumewe, akamtazama usoni kama mtu aliyeona kitu chake kilichopotea.

"Kumbe ni ugonjwa," akasema. "Mzee wangu, kumbe siku zote hizi ni ugonjwa."

Solveig aliona ni ujasiri. Akaandika anachotakiwa na sheria kuandika, Sixten akanyang'anywa leseni. Lori jekundu alilolihangaikia maisha yake yote likatafutiwa mnunuzi, Mnorwe mmoja aliyeahidi kuja kulichukua mwishoni mwa Julai.

Mwezi wa tano ndipo Solveig alipoanza kuwashwa na shaka. Alikuja mwalimu mstaafu, mama aliyeambiwa ana Alzeima mwezi mmoja nyuma, akamsahihisha Solveig tarehe ya siku hiyo. Na alikuwa sahihi. Wiki hiyo hiyo akaja mzee aliyekariri kikosi kizima cha timu yake ya hoki, na wa akiba juu. Solveig akashuka ngazi, akachora majibu yote ya mwaka kwenye kompyuta, akashika kichwa. Tangu Februari karibu kila mtu aliyechomwa mgongo pale Storselet alikuwa na amiloidi ya chini. Wote! Labda mji mzima umeamua kusahau kwa pamoja.

"Yngve, mashine yako ina tatizo."

"Mashine yangu?" Yngve alikuwa anakunywa kahawa, na kahawa ya saa tatu kule haikatizwi hata jengo likiungua. "Mashine yangu naipima kila asubuhi. Iko safi kuliko roho yako. Nenda kaulize huko juu mnawachoma vipi."

Akapanda.

"Staffan, majibu ya amiloidi hayawezi kuwa kweli."

"Namba ni namba, Solveig. Mimi si mkemia. Kawaulize wa chini."

Akashuka. Akapanda. Aliwaza kujitupa chini ya lifti, akakumbuka kuwa haitembei.

Jibu alilipata kwenye chumba cha sindano. Alikuwa anamsubiri mgonjwa, akachukua kichupa kimoja kwenye sanduku, akakigonga ukucha bila kukusudia. Kikalia "ting". Akakigonga tena. Vichupa vya siku zote vilikuwa na weupe kama wa ukungu, plastiki laini, ukivigonga havisemi kitu. Hiki kilikuwa kigumu, kinang'aa kama glasi. Damu ikamchemka palepale, maana hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kemia ya ubongo anajua kwamba amiloidi inaipenda plastiki ile ngumu kupita kiasi. Inaganda ukutani, kama uji unavyoganda kwenye sufuria. Unapika uji wa watu wanne, unapakua wa watu wawili, halafu unalalamika kwamba unga ulikuwa mchache.

Na kwa nini maabara hawakuona? Hapo ndipo utachoka. Ilikuwa hivi: kichupa kikifika chini, mhudumu wa mapokezi humimina maji kwenye kichupa kingine cha maabara, kile cha ukungu, kilicho sahihi, halafu cha kliniki hutupwa. Ndivyo walivyofanya miaka yote, kwa usafi na utaratibu. Kwa hiyo Yngve kila siku aliona vichupa sahihi tu mbele yake, na Staffan kila siku aliona vichupa vya plastiki, na kwake plastiki zote ni ndugu. Hakuna aliyekosea kazi yake hata kidogo. Kila mmoja alifanya sawasawa kabisa, na watu wakaambiwa wanapoteza akili.

Akapiga simu idara ya manunuzi.

"Tulibadilisha Februari, ndiyo," akasema kijana mmoja kwa sauti ya upole. "Ujazo ule ule, kifuniko kile kile. Tuliwaandikia kliniki, hawakupinga."

"Na maabara?"

"Maabara si watumiaji wa vichupa hivyo. Lakini si plastiki tu jamani? Plastiki ni plastiki."

Solveig akakata simu kabla hajasema neno ambalo lingemfukuzisha kazi.

Vichupa vilibadilishwa siku ile ile, hilo nisiwanyime. Walioshachomwa je? Solveig alitaka waitwe wote, waambiwe, wapimwe upya. Ukaitishwa mkutano. Ukawa mzuri sana, wenye maandazi ya mdalasini. Yngve alisema lazima kwanza maabara ifanye jaribio la kuthibitisha. Staffan alisema lazima wote wakubaliane juu ya lugha ya kutumia. Mwakilishi wa idara ya manunuzi alisema anajifunza mengi. Wote waliitikia kwa vichwa, kwa heshima.

"Kwa hiyo tunawaita lini?" Solveig akauliza.

Staffan akatazama kalenda. "Sasa hivi ni katikati ya Juni. Tukianza sasa, Julai inatukuta njiani. Jambo hili tulichukue baada ya likizo."

"Staffan. Kuna watu huko nje wanauza vitu vyao. Wanaandika wosia."

"Na ukiwapa matumaini, halafu kumbe wengine wanaumwa kweli? Utawaua mara mbili. Hakuna kumwambia mgonjwa yeyote mpaka tuthibitishe. Tumekubaliana?"

Wote wakavuta pumzi, fupi, kwa mdomo. Solveig peke yake hakuvuta. Haikusaidia kitu. Nchi ile ikiamua kwenda likizo Julai, hata mauti yanaambiwa yaache ujumbe.

Baada ya sikukuu ya katikati ya kiangazi, Majlis alimpigia simu. Sauti yake ilikuwa nyepesi kama ya msichana.

"Solveig, sikusumbui, nataka kukushukuru tu. Petra alikuja! Miaka sita hajakanyaga hapa. Alitoka Norway na watoto, tukala samaki wetu na viazi vipya nje, mbu wakatula na sisi. Sixten alilia mbele yao. Sixten! Petra akamkumbatia. Nilimwambia Petra, baba yako hakuwa yeye, ni ugonjwa. Usingetuambia, tungekufa hatujasameheana."

Solveig alikuwa na maneno yote mdomoni. Aliyameza. "Na lori?" akauliza.

"Bado lipo. Mnorwe anakuja mwisho wa Julai. Sixten anaenda kukaa ndani yake, hawashi injini, anakaa tu. Inaniuma, lakini tutafanyaje."

Simu ilipokatika Solveig alipiga meza kiganja mpaka kikamuuma. Mtu mzima amekaa ndani ya lori lililozimwa kwa sababu ya kichupa! Na yeye, daktari wake, mdomo umefungwa kwa makubaliano na maandazi!

Ndipo akakumbuka kofia yake ya pili, ya mtafiti. Kama daktari wa kliniki hakuruhusiwa kumwita. Lakini Sixten aliwahi kukubali kuingia kwenye utafiti wake, na utafiti ule uliruhusu kipimo cha pili. Hakuna mkutano uliowahi kukumbuka kuukataza. Akampigia Majlis, akasema ni kwa ajili ya utafiti tu, na hapo hakusema uongo.

Sixten alikuja Julai, wodi tupu, taa nusu zimezimwa, hata mashine ya kahawa imebandikwa kikaratasi cha "tutaonana Agosti". Muuguzi hayupo. Solveig alimchoma mwenyewe, akakinga maji kwenye kichupa cha ukungu, akamwambia alale chali apumzike. Akakaa pembeni, maana hakukuwa na mwingine wa kukaa.

Sixten akalala usingizi kabisa, akakoroma kama lori lake. Kisha akanyamaza. Solveig akainua kichwa. Kimya. Kifua hakipandi. Akasimama, na Sixten akashtuka kwa mkoromo mkubwa kama mtu aliyeibuka majini, akaendelea kulala. Baada ya muda mfupi ikawa vile vile. Solveig akabaki amesimama, anajilaani. Pumzi inakatika usingizini, usiku kucha, mwaka baada ya mwaka! Mtu kama huyo asisahau kwa nini? Mwezi wa tatu hakumwuliza anavyolala. Majibu ya kutoka chini yalikuwa yameshamwambia kila kitu.

Alimpa kifaa cha kupima usingizi akalale nacho nyumbani. Kile kichupa alishuka nacho mwenyewe mkononi, akaiwasha mashine ya Yngve, ambaye alikuwa kwenye kibanda chake ziwani na simu kaizima. Alisubiri palepale kwenye kiti. Amiloidi ya Sixten ilikuwa juu, nzuri, ya mtu mzima wa afya. Solveig alicheka peke yake kwenye chumba kisicho na dirisha, kisha akalia kidogo, kisha akaenda kunawa uso. Majibu ya usingizi yalipokuja yakasema kile alichokwisha kukiona kwa macho yake. Kumpigia Staffan hakumpigia. Aliingia kwenye gari.

Gäddträsk ni mwendo wa saa nzima msituni. Njia nzima alikuwa anaomba jambo moja tu, asikute Mnorwe ameshapita. Alipokata kona ya mwisho akaliona lori uani, jekundu, limeoshwa. Baada ya ngazi zile zote, baada ya ile mikutano, kwa mara moja amewahi!

Majlis alimkaribisha jikoni. Milango ya kabati ilikuwa imebandikwa vikaratasi, mwandiko mkubwa wa wazi: vikombe, sahani, kahawa, ili Sixten asipotee ndani ya nyumba yake. Kwenye friji kulikuwa na picha ya wajukuu wamekaa mapajani kwa babu yao. Sixten alikuwa mezani. Majlis alimpapasa shingo kidogo alipompita, akaenda kuweka birika la kahawa motoni.

"Sixten," Solveig akasema, hata hajakaa vizuri. "Huna Alzeima. Hujawahi kuwa nayo."

Akawaeleza yote, vichupa, uji na sufuria. Akaomba radhi, si kwa niaba ya hospitali, kwa niaba yake mwenyewe. Sixten alisikiliza mdomo wazi.

"Na leseni?"

"Itarudi. Ukishaanza kutumia mashine ya kupumulia usiku, ukalala vizuri, itarudi."

"Mnorwe nimwambie nini?"

"Mwambie akatafute lori lake kwao."

Sixten akacheka. Solveig hakuwahi kumsikia akicheka, kicheko kizito kilichotoka tumboni, na yeye akajikuta anacheka naye. Ndipo akaona kwamba Majlis hacheki. Alikuwa amesimama na birika mkononi.

"Kusahau kulikuwa nini, basi?" Majlis akauliza.

"Usingizi. Pumzi inakatika, ubongo haupumziki."

"Na hasira?"

"Mtu asiyelala huwa mkali. Kwa sehemu."

"Kwa sehemu." Majlis akaliweka birika mezani taratibu. "Na harusi ya Petra? Usingizi nao ulimzuia?"

Hakuna kichupa cha kupimia hilo, cha ukungu wala cha kung'aa.

Majlis akamgeukia mumewe. "Mwezi wa pili nilikuwa nimefunga sanduku, Sixten. Lilikuwa chini ya kitanda, upande wangu. Nilisema nikupeleke hospitali kwanza, watu wasije wakasema nimemwacha mgonjwa. Wakaniambia unaumwa. Nikalifungua sanduku, nikarudisha nguo kabatini. Nikampigia Petra, nikamwambia mwanangu, msamehe, yule hakuwa baba yako. Nikakusamehe kila kitu. Ile miaka yote ya kunikalia kimya, yale maneno uliyoniambia mbele ya watu siku ya kumzika mama yangu, nikasema maskini, si yeye."

"Majlis," Sixten akasema.

"Nauliza tu. Ulikuwa wewe? Siku zote zile, ulikuwa wewe mwenyewe?"

Sixten aliitazama meza. Akavuta pumzi kwa mdomo, fupi.

Majlis akainua birika. Akammiminia Solveig, akajimiminia na yeye, akalirudisha birika juu ya jiko na kulifunika. Kikombe cha Sixten kilikuwa palepale mbele yake, kitupu. Solveig akanywa kahawa yake ya moto hivyo hivyo, maana hakujua afanye nini kingine.